Mtambo wa Kuondoa Chumvi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kiwandani kwako, wewe, mumeo na wapwa zangu. Natumaini kikohozi cha shemeji kimepoa, na kwamba safari hii amekunywa dawa kabla ya kulalamika. Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linalolia ninapopanda ngazi.

Najua hukuifungua barua hii kwa ajili ya goti langu. Sijasahau kwamba wauza samaki wanaiita barafu yako "chokaa", na kwamba wamekuonya: ikiendelea kuwa nyeupe na yenye chumvi ya kisima, msimu ujao watanunua kwingine. Basi tulia. Mtambo umepatikana, nao ni mzuri.

Nimeupata katika kiwanda cha soda kilichofungwa. Mwenyewe ni mjane ambaye mafundi humwita Bi Kipimo, kwa kuwa hayaamini maji mpaka ayapime. Matangi ya mchanga wa kuchujia yana kutu kwa nje tu, pampu ni nzima, na vichujio vya chumvi havijachakaa. Nilimwambia kwamba mimi sinunui maneno. Nilikuwa nimebeba madumu ya maji ya kisima chako. Akacheka, akasema hata yeye hauzi maneno, akayamimina tangini kwa mkono wake. Mtambo ukanguruma, ukatulia, ukatoa maji. Akayachemshia chai. Mdogo wangu, chai ile haikuwa na hata chembe ya chumvi.

Kesho yake nilirudi kuusikiliza mlio wa pampu. Nikarudi tena kwa ajili ya mipira ya maungio, kisha geji ya presha, kisha geji ileile. Kila mara alinieleza kwa subira, na kila mara birika lilikuwa jikoni. Fundi wake wa mabomba akaanza kuniuliza kama nanunua mtambo au nasahihisha mtihani.

Nawe ukawa unaniandikia kuuliza kinachokawiza, nami nikakujibu kwamba kitu kilichotumika hakitaki pupa. Sasa niseme kweli: mtambo ulifaulu siku ile ya kwanza. Kilichonikawiza ni mwenye mtambo.

Hatimaye aliweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, mtambo wangu hauna kasoro, na wewe unajua. Sema ulilojia." Nikavuta kiti, nikalisema, kwa sentensi kamili. Bi Kipimo akainuka. Alisema kitu kilichotumika hakichukuliwi bila kukaguliwa, akanipandisha ngazi ya tangi, akasimama chini akisikiliza. Jana alitoa majibu: goti linataka mafuta, masikio yanachuja mashauri mema na kuyamwaga, lakini pampu ya kifuani ni nzima. Ananichukua kama nilivyo.

Lori litafika Jumamosi, nasi tutakaa mbele pamoja na dereva. Mtambo Bi Kipimo ataufunga mwenyewe. Hataki mkono wa mtu. Kwa hiyo tengeneza sakafu ya zege bandani, kisha utandike chumba cha wageni. Ulizoea kusema hakuna mwanamke atakayevumilia kusahihishwa hata salamu. Huyu ananisahihisha mimi. Siku ya kwanza punguza utani wa wifi. Siku ya pili uko huru.

Nisalimie wote nyumbani, na shemeji amalize chupa ya dawa. Birika liweke jikoni mapema. Maji yake tutayatoa mtamboni.

Ni mimi kaka yako,
niliyekaguliwa.