Mlango wa Nyumba ya Mwalimu

Alhamisi, jioni. Ukungu tangu asubuhi, na mvua nyingine inajikusanya huko juu.

Nimeketi kitandani na koti langu na viatu vya mpira, simu mkononi, na mlango uko wazi mbele yangu. Si kwamba napenda baridi, jameni. Umekataa kufungika.

Leo nilikuwa niandike kitu kingine kabisa. Kuna msichana mmoja anayenisoma hapa mtandaoni, yuko mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, aliniuliza: Mwalimu, hii kazi iko na faida gani hasa? Nikamwahidi kumjibu bila kumficha kitu. Nilikuwa hata nimeanza kichwani nikipika chai ya asubuhi. Mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, uwe umenyeshewa au umechomwa na jua. Bima ya matibabu, yako na ya mtoto. Likizo ya uzazi. Pensheni huko mbele. Na ukibahatika kama mimi, nyumba ya shule.

Haya basi, mdogo wangu, tuanze na hiyo nyumba.

Kazi hii niliingoja miaka mingi. Nilifundisha kwa kulipwa na wazazi, mwezi huu unapata, mwezi ujao unaambiwa "Mwalimu, tuvumilie," huku mimi na binti yangu Ciku tukiishi chumba kimoja kule Skuta, jiko liko hapa na kitanda kiko hapa, ukigeuka vibaya unaunguza blanketi. Nilipoajiriwa hatimaye, nikatumwa huku upande wa Kangema, shule ya msingi iliyojengwa kwenye mteremko katikati ya mashamba ya majani chai. Mwalimu mkuu akanionyesha nyumba. Vyumba viwili vya mawe, mabati mazuri, tangi la maji, mlango wa mbao nzito. Nililia. Haki ya Mungu, nililia nikiwa nimeshika ufunguo.

Mama yangu yuko Ruring'u, na kanisani kwao hakuna mtu hajaambiwa habari ya hii nyumba. "Mwarimu wangu haripi kodi," anawaambia kwa lafudhi yake isiyojua l, "serikari imempatia nyumba ya mawe." Ukimsikia utafikiri naishi Ikulu.

Mlango ulianza kusumbua mvua ilipoanza. Ulikuwa unakwama juu, kwenye kona. Nikaita fundi kutoka sokoni, akaupiga randa, ukafungika vizuri, nikamshukuru. Baadaye ukakwama tena. Akarudi, akapiga randa tena, maganda ya mbao yakajaa kizingitini, na Ciku akayakusanya kuwatengenezea wanasesere wake nywele.

"Mbao ni mbao, Mwalimu," fundi akaniambia. "Ikikunywa maji inafura."

Nikakubali. Nani huku hajui kwamba mbao hufura wakati wa mvua? Hata mimi huwafundisha watoto hivyo.

Nilitaka kuamini, huo ndio ukweli.

Wiki hii umebadilisha tabia. Haukwami tena, sasa unafunguka wenyewe. Naufunga, nageuka kuangalia maziwa yasimwagike, nikirudi naona nje. Unafunguka polepole, bila upepo, kama mtu anayechungulia. Mwalimu Mumbi, mwenzangu anayefundisha Gredi ya Pili na ambaye amepanga kule sokoni, ng'ambo ya barabara, alikuja juzi akauona, akaangua kicheko. "Mama Ciku, uko na mgeni! Mwambie akae, apewe chai." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ciku ndiye hakucheka. Alichukua soksi zake za shule, akazikunja, akazisukuma chini ya mlango uzuiwe, na tangu siku hiyo analala kitandani kwangu bila kuniomba.

Sasa sikia ya leo.

Kipindi cha Hisabati, Gredi ya Tano. Darasa langu liko chini tu ya nyumba yangu. Nikitupa ganda la ndizi dirishani linaangukia bati lao. Baridi ilikuwa ya kuuma, kwa hivyo nikamwambia Maina, yule mkubwa anayekaa karibu na mlango, aufunge. Maina akausukuma. Ukagoma. Akausukuma kwa bega, wenzake wakaanza, "Ongeza ugali, Maina!" akaona aibu, akarudi nyuma, akauvamia kwa nguvu zake zote. Ukatoa mlio mbaya, ukakwama sakafuni, nusu wazi nusu umefungwa. Nikaenda mwenyewe na mdomo wangu huu. "Hebu toka hapo, kijana mzima unashindwa na mlango." Nikaushika.

Ulikuwa baridi kabisa mkononi. Ni mlango wa chuma.

Chuma hakinywi maji. Chuma hakifuri.

Nilibaki nimesimama pale. Watoto walidhani nimekasirika, wakakaa wima wote kwa pamoja. Sakafuni, mahali mlango ulipokwaruza, kulikuwa na alama nyeupe mpya, na kando yake alama nyingine za kukwaruza ambazo zilikuwa zimeshaingia vumbi. Yaani ulikuwa unakwaruza siku nyingi, na mimi napita juu yake nikiingia na nikitoka na chaki zangu. Nikawaambia watoe vitabu, wafanye zoezi. Niliandika hesabu ileile ubaoni mara mbili, na msichana wa dawati la mbele akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Wakati wa mapumziko nilipanda nyuma ya nyumba yangu, nikaingia kwenye majani chai. Mistari ya michai ya huku imenyooka kabisa, ni kitu ambacho watu wake wanajivunia. Leo niliifuata kwa miguu. Nilipofika juu kidogo ya choo changu, mistari ilikuwa imekatika. Michai ya upande wa juu imesimama palepale ilipopandwa. Ya upande wa chini imeshuka, kimo cha kidato kizima cha ngazi, na bado imesimama wima kana kwamba hakuna kilichotokea. Katikati kuna ufa, mrefu, unaendelea shambani hadi kwenye ukungu mahali macho yangu hayakufika. Nikaingiza mwavuli wangu ndani. Ulizama hadi kwenye mpini na haukugusa chini.

Ngai, Mungu wangu!

Nyumba yangu iko chini ya ufa huo. Chini ya nyumba yangu liko darasa. Mara ngapi tumesikia redioni kwamba udongo umeshuka mahali fulani ukafunika boma, tukasema woi, pole yao, tukaongeza sukari kwenye chai?

Nilienda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Sitaki kumchora kama mtu mbaya. Ndiye aliyenipa hii nyumba, na Ciku alipolazwa hospitalini ndiye aliyeshika vipindi vyangu bila kunung'unika. Nikamweleza yote: mlango wangu, mlango wa darasa, ufa. Nikamwomba kesho watoto wahamie kwenye uwanja wa kanisa, kule ng'ambo ambako ni tambarare.

Alinisikiliza akizungusha kalamu. "Mwalimu Nyambura, mambo ya hii majengo tuliripoti kitambo. Tuliambiwa tungoje wakaguzi."

"Wanakuja lini?"

"Mvua ikipungua. Saa hii gari yao haiwezi panda."

Sikujua nicheke au nilie. Akaendelea, tena kwa upole. Nikiwatoa watoto darasani bila ruhusa, huko ni kukaidi mkubwa wangu, na yeye hataweza kunitetea. Nikiwatisha wazazi, watahamisha watoto, shule ifungwe, na shule nyingine iko mbali kiasi gani, najua mwenyewe. Na kama nyumba imenichosha, wako walimu wanaoitamani. Hilo la mwisho alilisema akitabasamu, nami ninaamini alikuwa anatania.

Kengele ikalia tukatoka pamoja. Akageuka kufunga ofisi. Akauinua mlango kidogo kwa kitasa, akaupiga teke pembeni, pale chini kabisa, na ukaingia. Alifanya hivyo akiendelea kuniongelesha, bila hata kutazama alipopiga, vile mtu anavyofanya jambo alilolizoea.

Alipogeuka, macho yetu yakakutana. Akatia ufunguo mfukoni, akashika njia.

Kumbe naye anajua.

Na sasa niandike lile linalonichoma, kwa sababu niliahidi kutoficha. Baada ya hapo nilirudi darasani nikafundisha. Ndiyo, mimi. Niliwaketisha wale watoto chini ya ule mteremko, nikawafundisha sehemu za ua, macho yangu yako dirishani, masikio yangu yako juu, na kila dawati liliposukumwa nilikuwa naacha sentensi katikati. Ningeweza kuwatoa. Nilikuwa nawaza Skuta. Nilikuwa nawaza kile chumba, na kungoja kazi upya katika umri huu, na Mama akiulizwa kanisani mwarimu wake siku hizi yuko wapi. Niliipenda kazi yangu kuliko watoto wa watu kwa mchana mzima.

Walienda nyumbani salama. Hiyo ni rehema, si akili yangu.

Mama alinipigia walipokwisha kutoka. "Huko kunanyesha? Hapa ni matope tu, mami. Afadhari wewe uko na nyumba ya mawe, unafunga mrango yako unarara." Nikamwambia ndiyo, Mama. Kisha nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Halafu nikachukua kufuli langu, lile kubwa nililonunua nikiwa Skuta, nikashuka darasani. Niliwaza kwamba nikilifunga hilo darasa leo, kesho hakuna mtoto ataingia, na mwenye kutaka kunisomea sheria anisomee. Watoto wa huku hufika kabla ya jua, kwa maana wazazi wao huwahi kuchuna chai, na wakifika hawabaki nje kwenye umande, huingia moja kwa moja darasani wakakumbatiana kwa baridi hadi sisi walimu tuamke. Nikausukuma ule mlango wa chuma. Nikauvuta. Nikausukuma kwa mgongo, nikauita majina ambayo mwalimu hafai kuyajua. Haukusogea hata kidogo. Umekwama hivyo hivyo, wazi kiasi cha mtoto kupita.

Nimempigia mwenyekiti wa wazazi simu, hapatikani. Stima zimepotea tangu asubuhi, nadhani simu nyingi za huku zimezima. Mumbi ndiye nimempata. Mara hii hakutania. Amesema, "Kuja na mtoto saa hii. Usingoje hata kuosha sufuria."

Kwa hivyo tunaenda. Nimefunga nguo chache kwenye begi, vyeti vyangu, na ile picha ya Ciku akiwa mchanga. Kesho sitaingia darasani. Nitasimama langoni na kila mtoto atakayekuja nitamgeuza, aende uwanja wa kanisa, Gredi zote, si yangu tu. Nitabeba ubao mdogo wa ofisini kichwani kama sinia la ndizi. Tutasoma kwenye baridi. Mwalimu mkuu akitaka kuandika kwamba nimekaidi, aandike, nitamsaidia hata herufi. Ila nina shaka kama ataandika. Lile teke lake nimelisikia.

Na wewe msichana wa chuo, nisamehe. Faida za ualimu nitakuandikia siku nyingine, kama nitakuwa bado nazo.

Ciku amesimama hapa na mkoba wake mgongoni na zile soksi mkononi. Ameniuliza kama tufunge mlango. Nimejaribu, ili aone tu. Ulimi wa kitasa haufikii tena tundu lake, unagonga ukuta. Nimemwambia tuuache, hakuna cha kuibwa. Ameziweka soksi mfukoni.

Matone yameanza kugonga bati.

Kesho nitafika langoni kabla ya mtoto wa kwanza. Naomba tu mlima nao uningoje.