Papa wa Simu za Rumonge

Papa wangu mpendwa,

Leo nimekukasirikia mbele ya kompyuta, wenzangu wakadhani nagombana na mashine.

Kazi yangu iko ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta. Programu ikitaka kuongea na kompyuta nyingine, inaleta anwani, na mimi naandika sehemu ya kuikagua. Urefu wake unafaa? Ni ya aina tunayoijua? Lakini kwanza tunainakili kwetu, tunakagua nakala, maana programu inaweza kuibadilisha huku bado tunaitazama. Mwenzangu mmoja akauliza tunajisumbulia nini. Nikacheka, kisha nikakukumbuka.

Ee Papa, ulivyokuwa msumbufu pale posta ya Rumonge, ulipokuwa ukiunganisha simu! Mtu akiomba simu ya Nyanza-Lac, ulichukua chaki, ukaandika namba kwenye kibao, ukamsomea. Akianza kuyumba na kutaja namba nyingine, ulimkata: "Hapana mama, mimi nasoma kibao." Ndipo ukachomeka waya. Watu walinung'unika weee, na kesho yake walirudi kwako.

Mwaka ule wa 1972, askari wa Burundi walipoanza kuchukua watu na watu wasirudi, ulitupandisha mimi na mama boti ya Kigoma. "Mutangulie," ulisema. "Siwezi kuacha simu iko inalia." Nilikuchukia kwa maneno hayo. Yananiuma hadi leo.

Miezi ikapita. Kule Kigoma wanawake wa msikitini wakamuuliza mama: unakaa eda, au unamngoja mume? Maskini, hakujua. Akaenda posta, akaomba Rumonge. Kigoma ikaita Bujumbura, Bujumbura ikaita kwenu. Nilibana sikio langu karibu na lake. Akapokea yule mwenzako wa zamu uliyezoea kumleta kwetu kula samaki wa mukeke wa kukaanga. Mama akataja namba, akataja jina lako.

"Namba iko sawa, mama," akasema polepole. "Mutu mwenyewe ndiyo hayuko. Musipige tena."

Mama akamshukuru, "Murakoze." Tulipofika nyumbani alivua bangili zake, akaanza eda siku ileile.

Sehemu niliyoandika inafanya kazi vizuri, Papa. Inajua anwani ikiwa nzima na ikiwa mbovu. Kama kuna mtu upande wa pili, haijui, na mimi siwezi kuifundisha.

Mama alikaa eda yake, akaimaliza, akatoka nje. Mtoto hapewi eda. Mimi bado nimo ndani.

Ni mimi,
binti yako uliyemtanguliza