Nilihesabu hadi nne

Tamsin, nimejifungia chooni hapa kwenye shule maalumu ya Stoke. Usipige simu, nitalia.

Unaijua sheria ya watoto wanaoongea kwa tableti, wanaobonyeza herufi nayo ikawasemea. Ukimuuliza mtoto swali, unahesabu hadi kumi kimoyomoyo. Si mimi niliyewafundisha nyote kwenye kikundi chetu cha maigizo?

Leo tuliigiza ule mchezo wetu wa meli iliyokumbwa na dhoruba baharini. Kieran, wa kiti cha magurudumu, ndiye mfalme. Nikamuuliza, "Mfalme wangu, tufanye nini?" Akaanza kutafuta herufi.

Nikahesabu hadi nne. Nne tu, Tamsin. Wenzake walikuwa wanachachawa, nikamjibia: "Mfalme anasema turuke!"

Wote wakaruka, wakawa wanaogelea kwenye zulia. Ndipo tableti ikasema, "Msiruke. Nitawaokoa."

Meli ilishazama. Mfalme yuko peke yake katikati ya zulia, ananitazama.

Nikamwomba radhi mbele ya darasa zima. Akaanza kubonyeza tena. Safari hii nilisubiri, karibu dakika nzima.

Tableti ikauliza, "Leo ndiyo siku yako ya kwanza kazini?"

Mwalimu wake akacheka mpaka akatoka nje.

Miaka tisa, Tamsin. Miaka tisa nafanya kazi hii.

Nikamwambia ndiyo.