Mazishi ya Bibi, Mubashara

Jumapili, saa kumi jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye masufuria ya msibani. Jana tumemzika bibi. Leo watu wanaondoka mmoja mmoja, na mimi nimekaa nyuma ya nyumba na simu yenye mtandao mzuri ajabu.

Nilipokuwa mdogo hapa Mtinko, aliyetaka kupiga simu alipanda juu ya mwamba ulio nyuma ya zizi, akanyoosha mkono kama anayeomba ruhusa darasani. Bibi ndiye aliyenilea, na mimi ndiye niliyekuwa nampandisha. Aliongea kwa kupayuka mpaka namwambia, "Bibi, na wao wana masikio." Mwaka huu mnara mpya umewashwa, 4G ikatufikia hadi jikoni. Nilitamba sana mjini kwamba kwetu sasa si porini.

Bibi alipofariki, mjomba Yona, mwanawe wa mwisho, alikuwa amelazwa hospitali Mwanza, mguu umevunjika. Alilia kwenye simu kuliko sisi wote. Nikamwambia, "Mjomba, mtandao upo. Nitakurushia mazishi mubashara, utaona kila kitu."

Na kweli aliona kila kitu.

Nilijituma. Nilisimama juu ya kichuguu ili watu wasinizibe. Ndugu wa Dar na Arusha nao wakaingia kutazama. Nikawa naangalia idadi yao inavyopanda na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Jeneza linashushwa, mimi nahangaika na jua linalopiga kwenye kioo.

Mchungaji akaita wajukuu waje watie udongo. Binamu yangu Zawadi akanifuata, akaninong'oneza, "Lete simu niishike mimi. Nenda kwa bibi."

"Utaitikisa," nikamwambia. "Tangulia, nakuja."

Sikwenda.

Wakaitwa majirani, wakaitwa akina mama wa kwaya, halafu vijana wakashika makoleo. Kufukia kaburi kunakwenda haraka mno. Nilipozima simu palikuwa na tuta na mashada ya maua, na watu walishaanza kuelekea kwenye chakula.

Leo baada ya ibada nimeitazama ile video. Ni safi, haikukatika hata mara moja. Wajukuu wote wamo, kila mmoja anainama, anachota udongo, anauachia. Zawadi ameshindwa kusimama, wamemshika mkono. Mimi nasikika nikikohoa tu.

Najaribu kukumbuka jeneza likishuka, nilione kwa macho yangu mwenyewe, bila simu. Silioni. Kila nikifumba macho nakiona kile kioo, na bibi yuko mle ndani, mdogo kama kidole gumba changu.

Mchana mjomba alipiga. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Asante sana. Nimemzika mama nikiwa kitandani, lakini nimemzika."

Nilifurahi kumsikia hivyo. Hilo silijutii, na kama ingebidi kumrushia tena ningemrushia, ila ningempa Zawadi ile simu.

Kisha akasema, "Ila wakati wa udongo sikukuona. Nikajua kilio kimekuzidi, wamekupeleka ndani."

"Ndiyo, mjomba," nikamjibu.

Nimemdanganya mgonjwa. Natamani ingekuwa kweli. Natamani kilio kingenizidi nikaanguka pale pale, simu ikapasuka, na watu wote wa Dar wakabaki wanatazama mawingu.

Sijalia bado. Hilo nalo linanitisha.

Kesho narudi Singida mjini. Kabla ya basi nitapita kaburini peke yangu, simu nitaiacha ndani kwenye chaji. Nitachota udongo kiganja kimoja, niuweke juu ya tuta pale usawa wa kichwa chake.

Bibi, udongo wa kuchelewa unaupokea?