Mwalimu Niliyetaka Kubadilishana Naye

Bweri, Musoma
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Elieza mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Mama anaendeleaje na kifua chake? Bado anakataa kuvaa soksi wakati wa baridi? Wifi na watoto hawajambo? Tangawizi mmeshapanda, au mvua imewachezea tena? Mimi mwili hauna shida. Nakula sato mpaka majirani wananitania kwamba nimeshakuwa mtu wa ziwani. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningekugombeza kwanza, halafu ningelia, na vocha ingeisha kabla sijasema nililotaka kusema.

Mwalimu Nyangeta amekataa. Alinitumia ujumbe Jumanne nikiwa ofisini na rundo la madaftari mbele yangu. Hatubadilishani kituo tena.

Unajua nilivyomtafuta. Mwaka wa tisa huu niko Mara, na kila nikiomba uhamisho naambiwa neno moja: tafuta mwalimu wa huko kwenu anayetaka kuja huku, mbadilishane. Nimeulizia kwenye makundi ya walimu ya simu, kwenye semina, mpaka kwenye harusi za watu. Ndipo akapatikana Nyangeta, mtoto wa Butiama, amepangiwa shule ile ile iliyo chini ya nyumba yetu, Upareni, analia kila jioni kwamba mlima unamuua. Ukungu, magoti, shule juu na duka chini. Nikasema Mungu amenikumbuka. Kila mmoja wetu alikuwa amekaa nyumbani kwa mwenzake.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Fomu zikiwa bado zinazunguka, akanipigia kwamba hawezi kungoja, ataacha kazi arudi kwao. Nikaingiwa na hofu, maana akiacha kazi mimi nabaki na nani? Ndipo nikakupigia wewe. Nikakwambia mtunze huyo mwalimu kama yai. Usimpitishe kwenye ule mteremko wa mawe, mpitishe njia ya kando ya mfongo, inayopanda taratibu na ule mfereji mpaka kwenye bwawa letu la ndiva. Mkatie fimbo. Tembea naye mwendo wa wageni wako wa kupanda Shengena, apumzike kila kona. Nilitaka avumilie miezi mitatu tu.

Na wewe kaka, ukipewa kazi huwa hujui kiasi. Ulimfikisha kwenye ndiva. Jumamosi iliyofuata ukampeleka msituni. Baadaye ukamchukua pamoja na wageni mpaka kileleni. Alinitumia picha amekaa juu ya lile jiwe letu, lile tulilokuwa tunakalia mimi na wewe tukila ndizi za kuchemsha, anacheka. Nikafurahi. Nikajisemea, anavumilia. Kumbe nilikuwa najichongea mwenyewe.

Nilimpigia jioni ile ile ya Jumanne. Alikuwa anahema, nadhani alikuwa njiani anapanda.

"Dada Nakijwa, nisamehe sana," alisema. "Nilikuwaga naogopa huu mlima. Sasa hivi nikishuka Same kwa mambo ya benki nakosaga raha mpaka nirudi. Sitaki kutoka huku."

Nikamuuliza kama kuna mwanaume. Akacheka, akasema hakuna. Afadhali angekuwepo, kaka. Na mwanaume wangegombana siku moja, Nyangeta akafungasha virago. Akaniuliza kama nimekasirika, nikakata simu.

Unaweza kusema huku nako kuna milima. Mwezi uliopita tulikwenda Butiama kumzika mama wa mwalimu mwenzangu. Baada ya chakula nikaona kilima nyuma ya nyumba, na njia nyembamba inapanda. Miguu yenyewe ikanipeleka, na viatu vya msibani. Kwetu njia yoyote ukiifuata inakufikisha mlangoni kwa mtu, nami nikaifuata hii kwa imani hiyo. Ikanipeleka kwenye mwamba, ikaisha. Palikuwa na majani yaliyoliwa na mavi ya ng'ombe, basi. Mama mmoja aliyekuwa anaokota kuni akanitazama sana.

"Mwalimu, ng'ombe wako alipotea lini?"

Nikamwambia sina ng'ombe, natembea tu.

"Mtu anatembeaga tu mlimani?"

Akatua kuni zake, akanishika mkono akanishusha mpaka kwa wafiwa, akawaambia kwa upole kwamba msiba umenichanganya. Sikubisha. Nilikuwa nalia, na watu wakanipa pole kwa marehemu ambaye sikuwahi hata kumwona.

Nikueleze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikisimamia mitihani huwa natembea kichwani. Natoka mlangoni kwa Mama, napita kaburi la Baba, naufuata mfongo, kona moja baada ya nyingine. Wiki hii nimefika juu ya ndiva nikakwama. Sikumbuki kama daraja la magogo liko kabla ya ule mti mkubwa au baada yake. Nimejaribu kila siku, sikumbuki. Usinijibu. Nikiambiwa nitajua tu kwamba nimeambiwa. Nyangeta daraja hilo analijua, tena analivuka kila Jumamosi, na mimi nikija nitahitaji kuongozwa kama mgeni.

Na Mama hawezi tena kushuka mpaka barabarani. Likizo yangu unaijua, siku mbili njiani kuja na mbili kurudi. Nitamwona mara ngapi tena? Nimeipiga hesabu hiyo, sitaki kukuandikia jibu. Mwalimu mwingine wa kubadilishana naye sina, na nguvu ya kumtafuta sina.

Mfikishie Mama salamu, umwambie uhamisho umechelewa. Usimwambie umekufa. Msalimie wifi, na watoto wako wote, na shangazi anayemsaidia Mama kuteka maji. Msalimie na mchungaji, mwambie aache kutangaza kanisani kwamba ninarudi.

Nyangeta naye mpe ujumbe wangu, maana mimi kumpigia siwezi. Unakumbuka Baba alivyotufundisha njiani, kwamba mkikutana mahali pembamba, anayeshuka ndiye anayesimama kando, anayepanda apite na mzigo wake. Mimi ndiye niliyeshuka. Mwambie nimesimama kando. Apite.

Mdogo wako,
Nakijwa