Sanamu ya Kocha na Goti Lako

Kwako mdogo wangu,

Salamu nakupa, maana mama alitulea tukijua kwamba hata unayegombana naye husalimiwa kwanza. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wanakua? Na hilo goti, baridi ya huko inalihurumia, au bado unashuka ngazi kwa kushika ukuta? Sisi huku wazima. Mama anakula, anatembea, anafoka kama kawaida yake. Mimi bado niko kwenye dirisha langu la tiketi pale uwanjani, nauza viti kwa watu wasiokuja.

Najua hutauliza klabu iko vipi, kwa hiyo nitakwambia. Iko mkiani. Tunafungwa nyumbani, tunafungwa ugenini, na wiki tusiyocheza ndiyo tunayopumua. Paa la jukwaa limetoboka, mvua ikinyesha aliyelipa analowa na aliyeruka ukuta anakauka chini ya mti wa jirani. Uwanja wa mazoezi Mwenyekiti ameuuza, sasa ni maegesho ya malori. Timu ya watoto inafanyia mazoezi kando ya barabara, na kila mpira ukitoka mama zao wanashika vifua.

Katika hali hiyo Mwenyekiti akaitisha mkutano wa wanachama. Tulidhani anataka kutuomba radhi. Kumbe! Akafunua kitambaa mezani, na chini yake pakawa na kisanamu cha udongo, kimo cha chupa: Kocha, mkono kiunoni, filimbi shingoni. Ndiyo, Kocha huyohuyo aliyetupatia kombe letu la pekee, ambaye kwetu nyumbani hata kutajwa alikuwa hatajwi. Mwenyekiti akasema klabu isiyoenzi wazee wake haina baraka, na kwamba sanamu kamili, ya shaba, itasimama langoni kabla ya msimu kwisha. Nyumba inaungua, mwenye nyumba anachagua pazia! Hasira zikanipanda mpaka masikio yakaziba.

Nikasimama. Unanijua, nikianza sina breki. Nikawasimulia habari ya goti lako kama ulivyotusimulia mwenyewe, umelala chali na mguu juu ya mito. Kwamba asubuhi ya fainali ulimwambia Kocha goti limevimba, ukamwomba akupumzishe. Kwamba yeye alikujibu kombe halisubiri goti, akaagiza uchomwe sindano ya ganzi, akakuingiza uwanjani. Nikawaambia ulivyofunga bao, ulivyoanguka, na kwamba tangu siku ile hukukimbia tena. Nikawaambia jinsi marehemu baba alivyokwenda kwa Kocha akamzaba kofi mbele ya wanawe, na jinsi alivyoingia kaburini hajamsamehe. Mwisho nikasema, mkimchonga huyo, chini ya kiatu chake mchonge na mguu wa mdogo wangu, maana ndio aliopandia.

Watu wakaanza kugonga meza. Kura ikapigwa kwa kuinua mikono na hoja ya sanamu ikaanguka. Mwenyekiti akakifunika kisanamu chake, akatoka nacho kifuani kama mtu aliyefiwa na paka. Wazee wakanishika mkono, wakasema damu ya baba yako haijapotea bure. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Mama aliposikia alipiga vigelegele peke yake jikoni.

Kama mambo yangeishia hapo, barua hii ingekuwa ya furaha.

Kesho yake, nimetoka tu kufungua dirisha, akaja yule mzee aliyekuwa mchua misuli wa timu, mliyemwita Babu Mafuta. Nikamuuliza anataka kiti cha wapi. Akasema hakuja kwa tiketi. Akainama mpaka uso ukajaa dirishani, akaniambia, "Mwanangu, jana umesema vizuri sana. Lakini umesema uongo."

Nikataka kumfungia. Akaweka kiganja, akazuia kibao cha dirisha, akaendelea kuzungumza taratibu. Akasema asubuhi ile Kocha alikuwa amekwisha kukutoa kikosini. Wewe ndiye uliyemfuata chumba cha kubadilishia nguo. Wewe ndiye uliyeruka mbele yake kwa mguu uleule mbovu, unacheka, unamwapia kwamba uvimbe umekwisha. Sindano uliitafuta mwenyewe kwa mtu wa nje. Babu Mafuta aliliona tundu lake alipokuwa anakuchua, ukamshika mkono, ukamsihi asiseme, ukamwambia utakufa usipocheza. Akanyamaza, na mpaka leo anajilaumu. Baada ya mechi alimweleza Kocha kila kitu. Kocha akamwambia, "Tuyaache. Kijana amepoteza mguu, asipoteze na baba."

Mdogo wangu, nilifunga dirisha watu wamepanga foleni. Nilikwenda kwa Kocha moja kwa moja, njia nzima nikiomba iwe Babu Mafuta ndiye mwongo.

Anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Nilimkuta anapiga pasi shati lake, mkewe amelala ndani anaumwa mgongo. Hakushtuka kuniona. Akanivutia kiti, akachomoa pasi. Nikamuuliza kwa ukali, kama ninayemdai, kama ni kweli. Akasema ni kweli, lakini nisimtakase sana. Akasema, "Mimi ndiye nilikuwa kocha. Goti lile ningelishika kwa mkono wangu ningejua. Sikulishika, kwa sababu nililitaka kombe. Kofi la baba yako halikupotea lote."

Nikamuuliza kuhusu sanamu. Akacheka mpaka akakohoa. Alikwishamwendea Mwenyekiti kumwomba aliache jambo hilo, akajibiwa asiingilie yasiyomhusu.

Sasa nakuuliza wewe. Siku baba alipovaa viatu kwenda kumpiga yule mtu, ulikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi. Ulisikia anavyotoka. Ulisikia aliporudi, anavyohema, anavyosema angalau amempa haki yako. Neno moja tu lingetosha. Ulimwacha baba yetu, mtu ambaye hakuwahi kuinua mkono hata kwa mbwa, ampige asiye na deni naye, ajivunie, afe akijivunia! Na mimi umenifanya bomba la uongo wako, nikamwaga mbele ya ukumbi mzima kwa jina la marehemu. Ungesema ulitaka kucheza, nani angekulaumu? Ulikuwa kijana, ilikuwa fainali. Ujinga wa goti ningeusamehe siku hiyohiyo. Huu mwingine ndio umenikwama kooni kama mfupa.

Kuna jambo lazima nikuambie, na najua litakuuma. Kocha alinishika mikono mlangoni, akaniomba nisimwambie mama. Nilimwahidi. Nimevunja ahadi. Mama alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza bila kuniangalia, akakunja mpaka ya mwisho. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyekufundisha kusema vile. Nikamjibu hapana, uliyatunga mwenyewe. Akasema, "Mwite aje." Halafu akajifunga kitambaa kichwani, akatoka, na nilipochungulia nikamwona anakata kona ya duka la vioo. Walichozungumza hajaniambia. Jina lako hajalitaja tena.

Jumamosi, kabla ya mechi, wanachama watakutana tena. Nimeomba nafasi ya kusema. Nitasimama palepale niliposimama, niseme nilikosea, na niseme kwa nini. Sanamu bado nitaikataa. Ukiniuliza kama yule mzee anastahili, nitakujibu anastahili. Sisi ndio hatustahili kumjengea, klabu ya watu wanaouza uwanja wa watoto halafu wanatafuta mzee wa kujifichia nyuma yake. Hayo nayo nitayasema, Mwenyekiti akiwa amekaa mbele.

Mahali pa kusimama pembeni yangu pako. Njoo useme kwa mdomo wako, kisha uende ukasimame mbele ya yule mzee na mkewe. Usipokuja nitasema peke yangu, na nitalitaja jina lako.

Utajiuliza kwa nini sikupigi simu. Ni kwa sababu utalia, nami nikikusikia unalia nitakusamehe kabla ya wakati wake.

Msalimie mkeo. Wabusu watoto, wao hawana kosa. Mama hajatuma salamu.

Ni mimi,
dada yako.