Kibali Ninacho, Moto Sikuuwasha

Jumamosi, mwishoni mwa Oktoba. Asubuhi ilikuwa ya baridi na shwari. Kufikia saa tatu upepo ulikuwa umeamka. Nimerudi nyumbani Mlandege, mjini, jioni hii, na shamba langu la kijijini halijachomwa. Hata hivyo, moyo wangu umejaa.

Nieleze kwa utaratibu. Kibali cha kuchoma shamba nilikuwa nacho, chenye muhuri wa mtendaji wa kijiji, kinachoruhusu leo tu. Barabara ya moto, ule ukanda usio na majani wa kuzuia moto usivuke, nilikuwa nimeilima pande zote. Majirani walikuja na ndoo za maji na matawi mabichi. Mimi, mwalimu wa miaka mingi, ndiye ninayewakaripia wachomaji ovyo, sikutarajia kukatazwa.

Aliyenikataza ni Rehema, mke wa mwanangu, mjumbe wa kamati ya mazingira. Kwetu Wahehe, mke wa mwana hampingi baba mkwe mbele ya watu. Tangu aolewe hajawahi hata kunikatiza maneno. Leo alipiga goti, akanisalimu, akainuka, akasimama kati yangu na majani makavu.

"Baba, naomba usiwashe. Upepo umegeukia kwa Mama Tulizo."

Nikamwonyesha kibali.

"Nimekiona, Baba. Na upepo nimeuona."

Mama Tulizo ni mjane. Miti yake ya paini, inayopakana na shamba langu, ndiyo tegemeo la wanawe. Barabara ya moto haizuii cheche zinazorushwa na upepo. Nalijua hilo vizuri. Nilibaki nimeshika kiberiti, nikingoja Rehema aone haya.

Hakuona haya.

"Mwalimu, kaa chini," jirani yangu Kaduma akasema. "Leo zamu si yako." Watu wakacheka. Nikampa Rehema kiberiti.

Tulingoja hadi saa kumi. Upepo haukutulia, watu wakaenda zao.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu mwanangu, aliye kazini Uyole.

"Mkeo amenikatalia mbele ya watu."

"Nisamehe, Baba. Nitaongea naye."

"Usiongee naye. Nimekupigia ujue umeoa mtu."

Sasa najiuliza: kwa nini maneno hayo nimempa mumewe, na yeye nikamuaga kwa kutikisa kichwa tu?

Jumatatu nitakwenda kijijini kuomba kibali kingine. Rehema atakuwapo ofisini, na watu watakuwapo. Alinikatalia mbele yao. Nitamshukuru mbele yao.